Siku Nyiramana Alipoingilia Mlango wa Mbele

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: mtu anaweza kukata nyama ya mbuzi miaka kumi na tisa, akaitia chumvi kwa vidole vyake, wanaume wakashuka kutoka maofisi ya Kacyiru na tai zao shingoni kuifuata, na yeye mwenyewe asijue ladha yake?

Unacheka. Lakini Nyiramana alikuwa hivyo hivyo, wala hakuwa mgonjwa wa tumbo.

Kazi yake ilikuwa Nyabugogo, hapa Kigali, chini kidogo ya pale wanapopakia malori na mabasi ya mikoani, kwenye kabare, baa ya kunywa na kula nyama, iliyoandikwa Ku Mugezi, yaani Mtoni. Mwenye kabare alikuwa Melchior, mdogo wake marehemu Kamanzi, mume wa Nyiramana. Kamanzi alipofariki, Melchior alimchukua mjane wa kaka yake akampa chumba cha nyuma: kitanda cha mbao, beseni la bati lenye maua mekundu yaliyoanza kubanduka, msumari wa kutundikia rozari, na dirisha dogo linalotazama magunia ya mkaa. Akampa na jiko. Wema huo aliutaja kila mwaka siku ya misa ya marehemu, tena mbele ya watu.

Ndani ya kabare zilikuwepo meza sita za rangi ya bluu, na barazani mbili. Hapo barazani, kando ya mlango, ndipo penye jiko refu la mkaa, na Eustache amesimama na aproni yake nyeupe akipepea moto kwa kipande cha katoni. Watu walisema, twende tukale brosheti za Eustache. Ndivyo sisi wa Kigali tunavyoiita mishikaki. Eustache naye aliitikia kwa kichwa kama padri anayepokea sadaka.

Lakini nyuma ya ukuta, aliyemchuna yule mbuzi ni nani? Kuchuna ni kazi ya wanaume, ndiyo, lakini nyuma ya ukuta nani anaona? Eustache alichinja, akatundika, akaenda kunawa na kuchana nywele. Nyiramana akashika kisu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa wa ngozi, wa kulia ulikuwa wa nyama, na mikono hiyo haikukutana mpaka kazi iishe. Maana mkono ulioshika manyoya ukigusa nyama, nyama yote inanuka beberu, hata uioshe kwa maji ya Ziwa Kivu zima. Halafu anakata vipande vinavyolingana, nusu ya kibiriti kila kimoja. Kitunguu anakiponda na kukikamua, anatupa makapi anabakiza maji. Majani ya seleri. Chumvi. Kisha anatunga kwenye vyuma vilivyochongwa kwa spoku za baiskeli, kipande kimoja cha mafuta kwa kila vitatu vya mnofu, anafunika kwa kitambaa kibichi, saa nzima. Chumvi hakuionja, aliinusa. Na nyama ikishafika mbele kwa Eustache, alitega sikio ukutani. Mafuta yakidondokea mkaa alijua kwa mlio kama wakati wa kugeuza umefika, naye hugonga ukuta kwa mwiko mara mbili. Eustache anageuza.

Sasa kwa nini hakuonja? Kwa sababu mwanamke hali mbuzi. Ndivyo walivyolelewa. Mwanamke akila mbuzi ataota ndevu, tena atakuwa mbishi kama mbuzi mwenyewe, kamba haimshiki. Na mwanamke wa heshima hatafuni mbele za watu, iwe mbuzi iwe kiazi.

Lipo jambo moja alilolitaka, na hakulisema hata kwenye kitubio. Alitaka akae kwenye ile meza ya baraza inayoona barabara, aletewe sahani, ale mbuzi aliyemkata mwenyewe, wapitao wakimwona. Basi, hilo tu. Lakini ukikaa na jambo miaka kumi na tisa bila kulitoa, linakuwa zito mdomoni kama jiwe la kusagia.

Mwaka ule ni wa tisini, mwezi wa Desemba. Vita vilikuwa vimeanza mpakani Oktoba, na mjini ikatoka amri ya kutotoka nje: jua likizama, kila mtu kwake, na barabarani ni vizuizi vya askari. Kabare zikafa moja baada ya nyingine. Melchior, na nimpe haki yake hapo, hakukubali kufa. Akasema, "Wameuchukua usiku? Haya, tutatengeneza mwingine." Akatundika mablanketi ya kijivu madirishani, akafunga balbu mbili nyekundu, akawasha redio ya kaseti, na kila Jumamosi usiku wa Ku Mugezi ukawa unaanza saa nane mchana. Watu wanaingia kutoka juani wakipapasa viti kama vipofu, wanacheza, wanakunywa, na saa kumi na moja wanaambiana "usiku mwema", wanatoka nje wamefinya macho, mbio makwao. Ulikuwa ubishi, na watu waliupenda kama ubishi.

Kwenye mambo hayo ndipo alipofika Kamikazi.

Kamikazi ni mdogo wake Nyiramana, tumbo moja, aliyeolewa Kisangani huko Zaire, mji wa mtoni katikati ya msitu mkubwa. Alipita Goma kwa lori la wafanyabiashara, na makaratasi yenye mihuri kama vigae, na matenga mawili ya samaki wa kukaushwa, na vitenge. Hawakuonana miaka kumi na moja. Alishuka Alhamisi, mnene, sauti kubwa, akamkumbatia dada yake mbele ya wapagazi wote wa Nyabugogo akilia na kucheka kwa pamoja.

"Yaya!" Huko kwao dada mkubwa wanamwita hivyo. "Yaya yangu, mbona umekuwa mdogo hivi? Wanakukausha na wewe?"

Ijumaa Kamikazi akaingia jikoni, akamkuta Melchior anahesabu kreti.

"Shemeji, kesho ninamchukua yaya. Atanitembeza. Nataka kuona mji, nataka kula, nataka kucheza. Mi sikuvuka msitu wote ule nije kuangalia magunia ya mkaa."

"Kesho ni Jumamosi," Melchior akasema. "Jumamosi yeye iko na kazi."

"Si unaye Eustache? Ninasikia mbuzi ni wake."

Melchior akamtazama Eustache aliyekuwa amesimama mlangoni, na Eustache, angesema nini? Akavuta aproni. "Ninaweza, patron. Mbuzi ni mbuzi."

Melchior akafikiri kidogo. Kumnyima mgeni ni aibu, na yule mgeni ana sauti. Akasema, "Sawa, siku moja. Lakini mkirudi mpite mlango wa nyuma. Sitaki mwanamke wa nyumba hii akae mbele na chupa na nyama, watu waseme mjane wa Kamanzi ameharibika. Nyiramana, unanisikia? Siku utakayokaa mbele, jikoni kwangu usirudi. Na chumba nitampa mtu mwingine. Ninasema mapema, tusije tukalaumiana."

Nyiramana akasema, "Nimesikia, shemeji." Akaendelea kumenya vitunguu.

Jumamosi wakatoka asubuhi. Nyiramana alivaa kitenge kipya alicholetewa, cha rangi ya chungwa na ndege wakubwa wa kijani, kinachoonekana kutoka mlima wa pili. Miaka kumi na tisa Kigali, na mji wake ulikuwa kanisa, soko, na jiko. Mgeni ndiye aliyekuwa akiuliza njia, na mwenyeji ndiye aliyekuwa akishangaa. Waliona maua ya mzunguko wa barabara yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Waliona msikiti wa Nyamirambo, Nyiramana akasimama akahesabu madirisha mpaka mlinzi akamuuliza kama anataka kuununua. Sokoni walikula maandazi ya moto, yaani Kamikazi alikula akitembea, na Nyiramana akaficha lake ndani ya kitenge akalimega kidogo kidogo, kama mwizi.

Kwenye kizuizi cha kurudi chini askari mmoja kijana akawasimamisha. Akatazama vitambulisho, akatazama makaratasi ya Zaire juu chini.

"Mnatoka wapi?"

"Kutembea," Kamikazi akasema.

"Kutembea wapi? Kufanya nini?"

"Kuangalia mji, baba."

"Wakati huu nani anaangalia mji?"

"Sisi," Kamikazi akasema. "Tumeshaona msikiti, tumeona maua, sasa tunakuona wewe. Uko mzuri pia, ila umekonda."

Nyiramana akamvuta mdogo wake kitenge. Askari alikaza uso, akakaza zaidi, kisha mdomo ukamponyoka upande mmoja. Akarudisha makaratasi. "Saa kumi na mbili muwe ndani, mama."

Walipofika mbali Nyiramana akamfinya mdogo wake mkono. "Ma we! Utatuua!"

"Amenifanya nini? Amecheka. Yaya, wewe unaogopa hata kile ambacho hakijakuuma."

Kamikazi akataka kuonyeshwa mto. Kwani si kabare inaitwa Mtoni? Nyiramana akamshusha mpaka daraja la Nyabugogo, akamwonyesha yale maji ya kahawia yanayojivuta kati ya mafunjo, mwanamume mmoja akiosha baiskeli katikati, maji yakimfika magotini.

Kamikazi akainama, akatazama huku na huku. "Uko wapi?"

"Si huo?"

"Huu? Yaya, huu ni mto au ng'ombe amekojoa?"

Wakacheka mpaka mwanamume wa baiskeli akawatukana. Kisha wakakaa kwenye jiwe, na Kamikazi akasimulia mto wake. Mto ambao ukisimama ng'ambo huku, mtu wa ng'ambo ile ni kama sisimizi. Wavuvi wanaotega matenga yao kwenye maporomoko, wamesimama juu ya miti kama ndege. Jioni, ukingoni kote wanawake wanawasha moto, samaki wanafungwa kwenye majani na pilipili, moshi unashikana na ukungu wa msitu, na muziki unatoka kila mlango. "Na wamama tunakaa, yaya. Kwenye viti, na meza. Kila mmoja na chupa yake na samaki yake. Mbuzi pia tunakula, tena mimi ninapenda mbavu. Mume wangu akija ananikuta pale, anavuta kiti. Hakuna anayeinuka mpaka ameshiba."

"Na mbuzi unakula?"

"Gusa kidevu changu." Akamshika dada yake mkono akauweka kidevuni. "Gusa vizuri. Ndevu ziko wapi?"

Kidevu kilikuwa laini kama cha mtoto. Nyiramana hakuuondoa mkono upesi.

"Unakumbuka mama alivyokuwa anakula?" Kamikazi akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

Alikumbuka. Mama yao aligawa chakula cha watu tisa, kisha akachukua kilichobaki chunguni, akaenda pembeni, akaugeukia ukuta. Migongo ya watu wengine unaikumbuka wakiondoka safari. Mgongo wa mama yao waliukumbuka akila.

"Mi nilipofika Kisangani," Kamikazi akasema, "mwaka wa kwanza nilikuwa ninageuka pia. Mama mkwe akanishika mabega akanigeuza. Akasema, ukuta haukupikii, kwa nini unautazama wakati wa kula? Lakini mama yetu amekufa hajageuzwa na mtu."

Nyiramana alivua kandambili moja, akakung'uta mchanga, akaivaa. Akavua ya pili, nayo akaikung'uta ingawa haikuwa na kitu.

"Twende," akasema. "Saa nane imekaribia. Watakuwa wameanza usiku."

Ku Mugezi ina njia mbili. Kuna kichochoro cha nyuma, chenye mlango wa bati na mfereji wa maji machafu, na kuna mbele, ngazi tatu za saruji na pazia la shanga. Walipofika kwenye kona, miguu ya Nyiramana ikakata yenyewe kuelekea kichochoroni, kwa mazoea tu, kama punda. Alikwenda hatua nne. Akasimama. Alikifikiria kile chumba: kitanda, beseni, rozari. Alifikiria pia umri wake, hamsini na sita, na atalala wapi. Hakuwa mjinga. Alijua hasa anachokwenda kukitupa, na alijua kwamba Melchior akisema neno mbele za watu hulifuata, hata likimpeleka shimoni.

Akageuka, akapanda ngazi tatu, akavuta kiti cha meza ya barazani inayoona barabara, akakaa. Kamikazi akakaa mbele yake.

Ndani muziki ulikuwa unapiga, na nyuma ya mablanketi watu wanacheza usiku wao wa mchana. Eustache, jikoni kwake barazani, alimwona Nyiramana akaacha kupepea. "Mama, unaumwa?"

"Hapana, Eustache. Nimekaa."

Msichana wa kuhudumia alitoka, akaona, akarudi ndani kama aliyeungua. Halafu akatoka Melchior.

Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma. "Shemeji. Tuliongea."

"Tuliongea," Nyiramana akasema.

"Na umesikia niliyosema."

"Niliyasikia yote, hata la chumba. Nitatoa vitu vyangu kesho baada ya misa. Leo niko mteja."

"Sikuhudumii."

"Basi nitakaa tu. Kiti hakili."

Kamikazi akagonga meza. "Mimi ni mgeni hapa, shemeji, na mimi utanihudumia, au nitasimama katikati ya Nyabugogo niwaambie wapagazi. Lete brosheti nne na bia."

Zikaja, zimewekwa upande wa Kamikazi peke yake. Nyiramana aliziona kwa jicho la kazi kabla sahani haijatua: vipande vingine vikubwa kama ngumi, vingine kama njugu, mafuta yameungua, mnofu unatoa maji. Na pua yake ikamwambia habari yote. Eustache alikuwa amechuna kwa mikono miwili, ya manyoya na ya nyama, bila kujua kwamba ni miwili.

Kamikazi akang'ata. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akageukia barabara akatema.

"Yaya," akasema polepole, "hii ndiyo inayoleta watu kutoka Kacyiru?"

Kabla hajajibiwa, pazia la shanga likafunguka na Mugenzi akatoka nje na sahani mkononi. Mugenzi alikuwa karani wa wizara moja, mteja wa kila Jumamosi, mtu wa kula kwa utaratibu, leso kwenye kola.

"Melchior! Hii ni nyama au ni godoro la beberu?"

"Ni vita, mzee," Eustache akasema upesi. "Mbuzi wa sasa wana hofu. Hofu inaingia kwenye nyama."

"Mbuzi wana hofu?"

"Wanatoka Kibagabaga kwa miguu, mzee, wanapita vizuizi."

"Wameulizwa vitambulisho?" Mugenzi akasema, na waliomfuata nyuma wakaangua kicheko, lakini kilikuwa kicheko cha njaa. Muziki ulikuwa umezimwa. Watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja na sahani zao, wakinusa, wakisukumana, mwingine anadai alichotoa, mwingine anasema afadhali kwenda kulala tu, usiku wenyewe umeharibika. Na ilikuwa saa tisa. Wakiondoka Jumamosi ile, Jumamosi nyingine wangekuwa na sababu gani ya kurudi?

Jasho likamtoka Melchior. Akainama sikioni kwa Nyiramana. "Kuna mbuzi wa kesho, ametundikwa, hajachunwa. Shemeji, nakuomba. Pita nyuma."

"Nyuma siendi."

"Nyiramana!"

"Mlete hapa."

"Hapa wapi? Mbele za watu? Mwanamke achune mbuzi barazani?"

"Chagua, shemeji. Mimi sina haraka. Sina hata chumba."

Melchior alitazama watu, akatazama saa yake, akatazama mbinguni. Kisha yeye mwenyewe, na shati lake la mikono mirefu, akaenda nyuma akarudi amembeba mbuzi mabegani kama msalaba, akamtundika kwenye boriti ya baraza.

Nyiramana akafunga kitenge chake vizuri, wale ndege wa kijani wakapanda kiunoni. Akanawa mpaka viwiko. Akasema, "Kisu changu kile chembamba, si hiki cha kukatia kuni," na kisu kikaletwa mbio. Mkono wa kushoto ukashika ngozi, wa kulia ukabaki msafi. Akapasua pajani, akaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, akasukuma, na ngozi ikachomoka kama soksi ya mtoto aliyelala. Wapagazi wa Nyabugogo walisimama barabarani na mizigo vichwani. Kondakta mmoja aliacha kuita abiria.

"Tazama mikono," alisema Nyiramana bila kumwangalia Eustache. "Huu na huu. Haijuani."

"Ndiyo, mama," Eustache akasema, na aproni yake akaivua mwenyewe, akasogea kuponda kitunguu.

Alikata paja la kwanza tu, maana saa zilikuwa zinakimbia. Kitambaa kibichi kilipata nusu saa badala ya saa nzima, na jambo hilo lilimuuma, lakini alizidisha maji ya kitunguu kidogo kulifidia. Halafu akasimama mbele ya moto. Miaka yote alikuwa ameusikia moto ule kupitia ukutani. Hakujua kwamba una joto kali hivi usoni, wala kwamba ukisimama hapo unaona Nyabugogo nzima, mabasi, mafunjo, na mlima upande wa pili. Harufu ilipoanza, Mugenzi alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akarudisha leso kolani.

Walikula wamesimama, walikula wamekaa ngazini, walikula wakicheza, kwa maana mtu mmoja alikuwa amerudisha kaseti. Blanketi moja lilianguka dirishani na hakuna aliyehangaika kulitundika. Mugenzi alimaliza ya tatu, akainua kile chuma cha spoku hewani.

"Kumbe Eustache ni mwanamke!" akapaza sauti, na baraza lote likalipuka.

"Ndiyo, mzee," Eustache akasema, akicheka na kuona haya. "Anaitwa Nyiramana."

Jina likapita mezani, likashuka ngazi, likafika kwa wapagazi.

Saa kumi na nusu watu wakaanza kutazama jua. Melchior akaja pale motoni, uso umelegea, shati lina damu ya mbuzi begani. Alikohoa.

"Shemeji. Yale maneno ya chumba, nimeyafuta. Chumba ni chako. Hasira ni hasira. Na Noeli hii nitakununulia kitu." Akangoja. "Unataka nini? Sema. Kitenge? Viatu? Nataka watu hawa wajue kwamba mimi si mtu mbaya. Sema unachotaka."

Nyiramana alifuta kisu kwa kitambaa, upande huu na upande ule, akakiweka. Akanawa mikono. Akarudi kwenye meza ya barazani inayoona barabara, akavuta kiti, akakaa uso kwa barabara, mgongo kwa ukuta. Kamikazi alisogeza chupa yake pembeni kumpa nafasi. Watu walikuwa bado wamesimama pale, ingawa jua lilikuwa linateremka na kila mmoja alikuwa na safari ya nyumbani.

Alifungua mdomo, na neno halikutoka mara ya kwanza. Akamtazama Melchior machoni.

"Nataka brosheti mbili za mbuzi," Nyiramana akasema, kwa sauti ya kufika barabarani, "nataka na ndizi ya kuchoma na pilipili, na nataka kuzila hapa."